Ufahamu Unaopimwa Bila Kufundishwa: Tahakiki ya Somo la Kusoma katika Shule za Upili

Kipindi cha ufahamu katika shule ya upili ya Kenya huchukua dakika 40, na yeyote aliyewahi kuketi nyuma ya darasa akakitazama anaweza kukisimulia kabla hakijaanza. Mwalimu huingia, hutaja ukurasa, kisha humwita mwanafunzi wa safu ya mbele asome aya ya kwanza kwa sauti. Baada yake husoma jirani yake, na baada ya huyo mwingine. Wale wa safu za nyuma hawasikilizi. Wanahesabu aya na vichwa, ili kila mmoja aijue mapema aya itakayomwangukia na kuipitia kimyakimya asije akachekwa. Kifungu kikiisha, mwalimu huuliza maana ya maneno matano au sita yaliyopigwa wino mzito, huyaandika ubaoni pamoja na maana zake, na muda uliosalia huwa ni wa kuyajibu maswali katika daftari. Kengele hulia. Madaftari hukusanywa, na kesho yake hurudishwa yakiwa yametiwa alama nyekundu.

Katika dakika hizo 40, ni ipi ambayo mwanafunzi alifundishwa kusoma?

Swali hili halikuanza Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Dolores Durkin, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya katika madarasa ya shule za msingi. Aliketi darasani maelfu ya dakika akiandika kila alichokifanya mwalimu, na akagundua kwamba muda uliotumiwa kufundisha ufahamu hasa haukufikia hata asilimia moja. Walimu wale hawakuwa wavivu. Walitoa mazoezi, walisahihisha, waliuliza maswali bila kuchoka. Walichokifanya kwa nadra ni kumwonyesha mtoto njia inayomfikisha msomaji kwenye jibu. Watoto hao walikuwa wakisoma kwa Kiingereza cha Kimarekani, na wengi wao walikuwa wamekizungumza tangu utotoni. Mwenye kuuchukua uchunguzi huo na kuupachika juu ya darasa la Machakos au Kakamega bila kuupima atakosea. Lakini tofauti aliyoionyesha baina ya kupima na kufundisha haina uraia.

Nchini Kenya chanzo cha hali hii chaeleweka. Ripoti ya jopo la Mackay ya mwaka 1981 ndiyo iliyouzaa mfumo wa 8-4-4, na mfumo huo ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kwa ghafla walihitajika walimu wengi na vitabu vingi. Katika haraka hiyo, umbo la swali la ufahamu ambalo tayari lilikuwa limerithiwa kutoka desturi ya mitihani ya Uingereza lilienezwa lilivyo: kifungu, maswali, maana ya maneno, na ufupisho pembeni. Umbo hilo lilibuniwa kwa ajili ya kupima. Vitabu vya kiada vilipoliiga, sura baada ya sura, chombo cha kupimia kikawa ndicho kitabu cha kufundishia. Ni kana kwamba mkulima amepewa mizani badala ya jembe.

Hata kama chombo cha kupimia, umbo hilo lina ila moja kubwa, nayo hudhihirika upesi zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha nyingi. Na atazame msomaji kifungu hiki kilichotungwa kwa maneno yasiyo na maana yoyote:

Kigwedo kilizumuta mara tu vimwapi vilipokipesua. Kilikuwa kimebadusa tangu juzi, na magwenzu yote yalikuwa yakikiluguza kwa sababu ya ukwembezi wake.

Maswali yake yawe haya. Kigwedo kilifanya nini? Kilizumuta. Ni nini kilichokipesua kigwedo? Ni vimwapi. Kwa nini magwenzu yalikiluguza kigwedo? Yalikiluguza kwa sababu ya ukwembezi wake. Hizo ni alama tatu kwa tatu, na aliyezipata hajui kama kigwedo ni mnyama, chombo au ugonjwa. Kilichomwongoza ni upatanisho wa kisarufi peke yake. Kiambishi ki- kimemshika mkono kutoka nomino hadi kitenzi, na vi- kimemwonyesha mtendaji. Kilichobaki ni kunakili. Mwanafunzi wa shule ya upili, ambaye tangu darasa la nne ameimbishwa upatanisho wa ngeli, anaifanya kazi hiyo akisinzia.

Mtu atasema kwamba watahini hawaulizi maswali ya namna hiyo tu. Ni kweli. Katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, maswali yanayodai hoja hayakosekani. Lakini mizani yenyewe haimpendelei mwanafunzi anayejaribu kusoma. Karatasi ya pili ya Kiswahili imekuwa na alama 80 kwa miaka mingi: ufahamu alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, na isimujamii 10. Mwalimu mwenye hesabu nzuri ataitumia wiki yake kufundisha sarufi, na hapana haki ya kumlaumu. Tena majibu ya ufahamu hukatwa alama kwa makosa ya sarufi na ya hijai. Mwanafunzi aliyeielewa hoja akaieleza kwa maneno yake mwenyewe yuko katika hatari ya kukosea. Aliyenakili sentensi nzima kutoka kifungu, pamoja na nukta zake, hana anachoweza kukosea isipokuwa kuchagua sentensi siyo. Hivyo basi sheria iliyowekwa kwa nia njema ya kulinda ufasaha imegeuka kuwa ushauri wa kimyakimya: usiseme kwa maneno yako. Watahiniwa huusikia ushauri huo vizuri kuliko wanavyousikia wa walimu wao.

Jambo la pili linalouficha udhaifu huu ni tahajia ya Kiswahili. Waandishi wa kale wa Pate, Lamu na Mombasa waliokiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu walitumia herufi chache kuliko sauti walizokuwa nazo. Herufi moja iliweza kusimama mahali pa b, pa p na pa mb. Alama moja ilitosha e na i, na nyingine o na u. Kwa hati za namna hiyo baba, papa, pamba na bamba yaliweza kuandikwa kwa sura moja. Msomaji hakuweza kulitamka neno kabla ya kulielewa, na hakuweza kulielewa bila ya kuyatazama yaliyotangulia na yatakayofuata. Kwake yeye sauti ilikuwa tunda la ufahamu.

Tahajia ya Kirumi imeugeuza mpango huo. Leo mtoto aliyezishika silabi zake huweza kuisoma kwa sauti taarifa yoyote ya Kiswahili, hata asiyoielewa nusu yake, bila ya kujikwaa. Hakuna anayetaka kuzirudisha hati za zamani darasani. Tahajia iliyopo ni neema, na mwalimu wa Kiingereza angeitamani. Ila neema hiyo ina udanganyifu wake. Mwalimu husikia sauti inayotiririka, yenye kupumua mahali pa koma na kushuka mahali pa nukta, akadhani amesikia ufahamu. Kusoma kwa zamu kunampa mwalimu nafasi ya kuyapima matamshi. Mwanafunzi mwenyewe, wakati anasoma, akili yake yote imo katika kuogopa kicheko. Muulize alichosoma, atarudi kukitazama upya.

Basi kufundisha ufahamu ni kufundisha nini? Wengi wa walimu wanaoulizwa hujibu kwa kutaja msamiati, na kamusi ndiyo dawa yao. Msamiati una nafasi yake, lakini swali la maana ya maneno limekuzwa kupita kiasi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba neno lina maana, ilhali alichohitaji kufundishwa ni kwamba sentensi huchagua. Paa katika sentensi moja huezekwa, katika nyingine hukimbia porini, na katika ya tatu ni kitendo cha ndege. Orodha ya ubaoni haimsaidii mtu kuchagua.

Kilicho kizito zaidi ni uhusiano wa sentensi na sentensi, na hapa ndipo viambishi vile vile vilivyomsaidia mwanafunzi kudanganya vinapoweza kuwa mwalimu wake wa kwanza. Uchukuliwe mfano mwingine uliotungwa kwa ajili ya jambo hili, mara hii kwa maneno ambayo kila mwanafunzi anayajua:

Bakari alimweleza mjomba wake kwamba mdeni wake ametoroka. Alicheka, akamkumbusha kwamba alimwonya siku ile ile alipomkopesha, naye akadai kwamba mtu aliyelia machozi mbele yake hawezi kumdhulumu. Bakari aliinama, akakosa la kujibu.

Hapana neno moja hapa linalohitaji kamusi. Walakini kifungu hiki kina watu watatu, wote wa ngeli ya A-WA, na upatanisho uliokuwa uzi katika kigwedo na vimwapi sasa umekatika. Nani aliyecheka? Ki- na vi- hazipo za kumwokoa mtu. Mdeni ni wa Bakari au wa mjomba? Kivumishi kimilikishi wake kinawafaa wote wawili. Katika maneno mawili yanayokaribiana, alimwonya na alipomkopesha, kiambishi a- kinamwakilisha mtu mmoja kwanza kisha mwingine, na m- hali kadhalika, wala hakuna ishara yoyote ya maandishi inayoonyesha mahali walipobadilishana.

Msomaji mwangalifu anapofika kwenye sentensi ya pili hubeba mawazo mawili mkononi. La kwanza: Bakari ndiye aliyekopesha, na mjomba ndiye anayecheka. La pili: mjomba ndiye aliyekopesha, na Bakari, kijana mwenye kiburi kidogo, anamcheka mkubwa wake. Sentensi ya pili yote inazikubali njia hizi mbili. Anayejua adabu ya mjomba na mpwa atalipa wazo la kwanza uzito zaidi, kwa sababu si rahisi mpwa kumcheka mjomba wake usoni. Lakini hiyo ni dalili, si hakika. Sentensi ya tatu ndiyo inayoamua. Aliyeinama ni Bakari. Aliyekosa la kujibu ndiye aliyekumbushwa. Aliyekumbushwa ndiye aliyeonywa. Na aliyeonywa ndiye aliyekopesha. Kwa hiyo mdeni ni wa Bakari, na kicheko ni cha mjomba. Msomaji amelazimika kurudi nyuma, kutoka mwisho wa kifungu hadi neno la saba la mwanzo wake, kwenda kulijaza neno wake ambalo alikuwa ameliacha wazi.

Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo kusoma, nayo inafundishika. Mwalimu anaweza kusimama ubaoni, kifungu kikiwa kimeandikwa, akafikiri kwa sauti mbele ya darasa: hapa sijui nani anacheka, ninawaweka wawili, naendelea, sasa nimeona. Anaweza kuchora mishale kutoka kila kiambishi hadi kwa mwenyewe, kisha akaifuta na kuichora upya sentensi ya tatu inapoivunja dhana. Kazi hiyo haihitaji kitabu kipya wala mashine. Inahitaji mwalimu akubali kuonekana hajui kwa dakika moja, jambo ambalo mafunzo ya ualimu hayamzoezi mtu kulifanya.

Linganisha na maswali ambayo kitabu cha kawaida kingeyauliza juu ya kifungu hicho hicho. Mdeni alifanya nini? Ametoroka. Bakari alimweleza nani? Mjomba wake. Eleza maana ya neno kudhulumu. Ipe taarifa hii kichwa kinachofaa. Mwanafunzi angeyajibu yote, akapata alama zote, na asijue nani alimkopesha nani. Mtu huyo huyo baada ya miaka michache atawekewa mbele yake mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa Kiswahili safi, ambamo mkopeshaji, mkopaji na mdhamini wote ni wa ngeli ya A-WA. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Maandishi ya namna hiyo hayatapungua. Ataisoma karatasi kwa sauti nzuri, kisha atatia sahihi.

Kuna upande mwingine ambao viambishi haviutoshelezi. Mwaka 1979 Margaret Steffensen, Chitra Joag-Dev na Richard Anderson walitoa matokeo ya jaribio ambamo wasomaji kutoka Marekani na wasomaji kutoka India walisoma barua mbili, moja juu ya arusi ya Kimarekani na nyingine juu ya arusi ya Kihindi. Kila upande ulisoma barua ya kwao kwa haraka zaidi na kukumbuka mengi zaidi. Ya kigeni haikusahauliwa tu, ilipotoshwa. Bibi-arusi wa Kimarekani alikuwa amevaa gauni la nyanya yake, jambo la fahari kwao. Msomaji mmoja wa Kihindi alikumbuka kwamba gauni lilikuwa limechakaa na kupitwa na wakati. Maneno yote aliyajua.

Nchi yenye pwani, nyanda za juu na jangwa haina haja ya kwenda India kuitafuta tofauti hiyo. Mwanafunzi wa Eldoret anaposoma kwamba wavuvi walingoja bamvua ndipo waishue ngalawa yao, maelezo ya pembeni humwambia kwamba bamvua ni maji makuu ya bahari. Amepata maana ya neno, lakini bado hajui kwa nini watu wangoje. Hajaona ngalawa iliyokokotwa juu ya mchanga mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki. Na mwanafunzi wa Lamu anaposoma kwamba wakulima wa Nyeri walikesha kiwandani na kahawa yao, huenda akadhani walikuwa wakiilinda na wezi. Hajui kwamba buni mbichi ikishachumwa haitakiwi kungoja, sharti imenywe kabla haijaharibika. Watungaji wa vifungu huyaandika mambo haya kana kwamba kila mtu amekulia nyumba moja. Dakika tano za mazungumzo kabla ya kusoma zingetosha, na hizo ndizo dakika zinazotumiwa kuhesabu aya. Mwanafunzi wa pwani naye asidhaniwe kuwa salama kwa sababu lugha ni yake. Mara nyingi yeye ndiye anayejibu kwa yale anayoyajua badala ya yale yaliyoandikwa, na akishindwa huambiwa kwamba ana majivuno ya lugha, ilhali hakufundishwa kusoma zaidi ya mwenzake.

Kuhusu njia za kufundishia, iliyo karibu zaidi na haja hii ni ile ya Annemarie Palincsar na Ann Brown ya mwaka 1984. Walifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba waliojua kutamka maandishi vizuri lakini wakawa dhaifu katika kuyaelewa, yaani wale wale ambao tahajia ya Kiswahili huwazalisha kwa wingi. Mwalimu na wanafunzi walisoma aya moja baada ya nyingine, na kwa zamu kila mmoja akawa kiongozi wa mazungumzo: aulize swali juu ya aya, aifupishe, afafanue palipo na utata, na abashiri litakalofuata. Zamu zipo, kama katika kusoma kwa sauti, lakini hapa anayepewa zamu hupewa kazi ya kufikiri. Vikundi vyao vilikuwa vidogo. Darasa la wanafunzi 50 haliwezi kuendeshwa hivyo na mtu mmoja, ila laweza kugawanywa makundi ya watano watano baada ya mwalimu kuifanya kazi hiyo mwenyewe mbele yao mara kadhaa. Kutakuwa na kelele, na mwalimu mkuu atachungulia dirishani. Mtaala wa umilisi ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 unautaja ufahamu miongoni mwa stadi za kusoma, na kwa nadharia unaikaribisha kelele hiyo. Kama maswali ya mwisho yatabaki ya kigwedo na vimwapi, darasa litanyamaza tena.

Kwa hiyo suala linarudi kwa watahini, na haifai kuwaonea. Mtihani wa taifa husahihishwa na watu wengi walioketi katika meza nyingi, na wote hawana budi kutoa alama ile ile kwa jibu lile lile. Jibu linalonakiliwa husahihishika. Hata hivyo swali la namna hii nalo lingesahihishika: Ni nani aliyemkopesha mdeni, na ni maneno gani katika kifungu yanayothibitisha hivyo? Jibu ni moja, ushahidi uko mahali pamoja, na hakuna anayeweza kulipata kwa kufuata ki- na vi-. Makosa ya hijai yangeachwa yahukumiwe katika insha.

Ugumu unaanza hatua moja mbele. Bakari alidai kwamba mtu aliyelia machozi mbele yake hawezi kumdhulumu. Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba Bakari alikuwa mtu wa huruma. Mwingine ataandika kwamba alijiona, kwa kuwa alidhani machozi yaliyomwagwa mbele yake yeye hayawezi kuwa ya uongo. Wote wawili watanukuu maneno yale yale, na wote wawili watakuwa wamesoma. Mwongozo wa kusahihisha umeacha nafasi ya jibu moja.